Mlonge, Dagaa na Vidonge: Kila Kimoja Kipimwe kwa Sahani

Ndugu mwenyekiti, wazazi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu, na wafanyabiashara wa vyakula mliokaa kule nyuma: habari za asubuhi, na ahsanteni kwa kufika.

Kwenye vikao vya lishe swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: kitu fulani kina faida? Mlonge una faida? Ubuyu je? Vidonge vya vitamini C? Jibu la kweli kwa karibu kila kitu ni ndiyo, na jibu hilo halimsaidii mtu. Jani lolote linaloliwa ukilipeleka maabara litarudi na orodha ndefu ya virutubishi. Swali lenye kazi ni refu kidogo: kwa kiasi anachokula mtu huyu, juu ya vile anavyokula kila siku, kitu hiki kinamwongezea nini anachokikosa, na kinamwondolea nini? Swali hilo ndilo tutakalolizungusha leo kwenye vyakula tunavyovijua, kwenye vidonge vinavyogawiwa kliniki, na kwenye vile vinavyouzwa kwa makopo.

Tuanze na mlonge, maana matangazo yake mmeyasikia: kalsiamu mara kumi na saba ya maziwa, chuma mara ishirini na tano ya mchicha, vitamini C mara saba ya chungwa. Namba hizi hazikuokotwa njiani. Zina asili yake kwenye vipimo vya maabara, ila ni vipimo vya gramu 100. Gramu 100 za unga mkavu wa mlonge zina protini karibu gramu 27, kalsiamu karibu miligramu 2,000 na madini ya chuma karibu miligramu 28. Sasa chukua kijiko cha chai, kijaze unga huo, kisawazishe kwa kisu, kiweke kwenye mizani. Utapata gramu 2 hadi 3. Ili ufike gramu 100 unahitaji zaidi ya vijiko 30, na hakuna anayekula vijiko 30. Kwa kijiko kimoja cha gramu 3 umepata protini isiyofika gramu 1, kalsiamu miligramu 60, na chuma kisichofika miligramu 1. Mtu mzima anahitaji kalsiamu takriban miligramu 1,000 kwa siku. Glasi moja ya maziwa ya mililita 250 inampa karibu 300.

Ile vitamini C mara saba ya chungwa ni ya majani mabichi. Ukiyaanika na kuyasaga imekwenda karibu yote, kwa kuwa vitamini C haivumilii joto, mwanga wala hewa. Tena tangazo linalinganisha unga uliokaushwa na maziwa au mchicha wenye maji yake yote ndani. Kausha mchicha nao, halafu tuone.

Je, mlonge ni kazi bure? Hapana. Upike kama mboga, kama wanavyofanya watu wengi wa Pwani. Bakuli lenye gramu 100 za majani yaliyopikwa linatoa protini kama gramu 5 na kalsiamu kama miligramu 150, pamoja na nyuzinyuzi na ile asili ya vitamini A inayokaa kwenye majani ya kijani. Mlonge wa uani, usiouzwa na mtu, una kazi kubwa kuliko wa kopo kwa sababu moja tu: wa uani unaliwa kwa fungu, wa kopo kwa kijiko. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anayetumia dawa asianze kunywa unga wa mlonge kwa wingi bila kumwambia daktari wake, kwa sababu unaweza kushusha sukari na presha juu ya kile ambacho dawa imekwishashusha.

Kosa la pili linalofanana na hilo ni kupima chakula kwa rangi. Mtu ameambiwa damu yake iko chini, anaanza kunywa juisi ya rozela, biitiruti, na soda nyekundu. Wekundu wa biitiruti hautokani na chuma. Gramu 100 zake hazifikishi miligramu 1 ya chuma. Rozela ina ukali wake mzuri, lakini pia ina viambata vinavyoshikana na chuma tumboni, na jagi lake kwa kawaida lina vikombe viwili vya sukari. Soda nyekundu ni sukari na rangi. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida ina sukari gramu 30 na ushee, sawa na vijiko vya chai 7 au 8, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Fedha ile ile ingenunua dagaa.

Sasa tukae kidogo kwenye suala la chuma, kwa sababu hapa ndipo chakula kimoja, mlo mzima na kidonge vinapokutana wazi kuliko mahali pengine. Chukua sahani ya mchana ya nyumba nyingi: ugali, maharage kikombe kimoja, mchicha, na baadaye chai ya rangi ya kushushia. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina chuma takriban miligramu 4. Kwa karatasi ni kizuri. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji kama 18 kwa siku. Lakini kilichomo kwenye chakula si kinachoingia kwenye damu. Chuma cha mimea kinafyonzwa kidogo, mara nyingi sehemu 5 kwa 100 au hata pungufu, kwa sababu ndani ya maharage na pumba za nafaka mna faiteti, ambayo hukishika chuma na kukipitisha hadi chooni. Chai nayo ina tanini. Kikombe kimoja cha chai kikinywewa pamoja na mlo kinaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekichukua. Kahawa nayo hukata, ila kidogo kuliko chai. Kwa hiyo anayeshushia maharage kwa chai amekula chuma chake na kukimwaga pale pale mezani.

Marekebisho yake hayahitaji kununua kitu cha ajabu. Maharage yalowekwe usiku kucha, saa 8 hadi 12, maji ya kulowekea yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya. Sehemu ya faiteti inaondoka na yale maji, na gesi tumboni inapungua. Chai isogezwe, inywewe saa moja au zaidi baada ya kula, au kati ya milo. Halafu kwenye mlo wenyewe kiingie kitu kibichi chenye vitamini C: pera, chungwa, embe, kachumbari yenye limau na hoho mbichi. Pera ndilo mfalme hapa, na linadharauliwa kwa kuwa linaota ovyo. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, wakati mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni kati ya 75 na 90. Nusu ya pera baada ya ugali na maharage inaweza kuongeza mara mbili au zaidi kiasi cha chuma kinachoingia. Ila liliwe na mlo ule ule. Ukila pera asubuhi na maharage usiku, hayakutani.

Nyama na samaki hufanya kazi mbili. Chuma chao chenyewe hufyonzwa vizuri zaidi kuliko cha mimea, na uwepo wao hukivuta na kile cha maharage. Hauhitajiki mnofu wa robo kilo. Kiganja cha dagaa wakavu, kama gramu 20, kikitiwa kwenye mboga kinatosha kubadilisha sahani. Kwa kuwa dagaa wanaliwa na mifupa yao, hizo gramu 20 zinakaribia glasi ya maziwa kwa kalsiamu, na huenda zikaipita. Waliokaushwa juu ya mchanga waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu, ukiwachota juu kwa mkono badala ya kuwamwaga, ili mchanga ubaki chini. Anayewakaanga hadi wakauke kama vijiti na kuwatia chumvi kijiko kizima amepata kalsiamu na presha kwa pamoja.

Sasa vidonge. Kwa mama mjamzito hatudanganyani: chakula peke yake mara nyingi hakifikishi. Mahitaji yake ya chuma yanapanda hadi takriban miligramu 27 kwa siku, na wengi wanaingia kwenye ujauzito akiba ikiwa imekwisha. Ndiyo maana kliniki inagawa vidonge vya kuongeza damu, vyenye chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400, kimoja kila siku. Tatizo si kidonge, ni namna kinavyomezwa. Wengi hukimeza asubuhi kwa chai ya maziwa, yaani kwa vitu viwili vinavyokizuia: tanini na kalsiamu. Kinyweshewe maji, au maji ya chungwa. Kinafyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, lakini kikileta kichefuchefu basi kimezwe usiku baada ya kula, wakati wa kulala. Afadhali kifyonzwe pungufu kuliko kuachwa. Choo kitakuwa cheusi, na hilo si ugonjwa; ni chuma ambacho hakikufyonzwa. Tumbo likifunga, ongeza maji, papai na mboga za majani. Na vidonge vyenyewe vikae juu, mbali na watoto. Konzi moja ya vidonge vya chuma inaweza kumuua mtoto mdogo, na kwa macho yake zile ni pipi.

Asidi ya foliki ina jambo lake, la wakati. Mgongo wazi na kichwa kikubwa ni kasoro zinazohusiana na mfereji wa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, ambao ndani ya tumbo la mama unafunga siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Siku hizo mama wengi hawajajua kama wana mimba. Anayeanza kliniki mwezi wa nne anapewa kidonge kizuri, na kwa damu yake kitasaidia, lakini kwa ule mfereji kimechelewa kabisa. Mwanamke anayepanga kubeba mimba aanze mikrogramu 400 kila siku mwezi mmoja au zaidi kabla, aendelee hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, miligramu 4, sawa na mara kumi, na hiyo inaandikwa na daktari. Mboga za majani na maharage zina foleti, yaani ile ile ya foliki katika umbo lake la chakulani, ziendelee kuliwa, lakini hapa kidonge hakina mbadala wa kuaminika.

Msikilizaji anaweza kusema: kama chuma kinasaidia hivyo, tuwape watoto wote. Wataalamu walifikiri hivyo hivyo, na jibu likapatikana hapa kwetu, Pemba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kwenye jarida la Lancet uliwahusisha watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi 35 kisiwani humo, wengine wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Upande wa chuma ulisimamishwa kabla ya muda, mwaka 2003, kwa kuwa watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 12 ya kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufa. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria nyingi mno. Lakini ndani ya utafiti huo huo, kundi dogo lililopimwa na kufuatiliwa kwa karibu, na malaria yao kutibiwa, lilionyesha kwamba watoto waliokuwa na upungufu kweli walinufaika. Tangu hapo ushauri wa dunia kwa maeneo yenye malaria ni kwamba chuma kwa watoto kiende pamoja na kinga, vipimo na tiba ya malaria. Kwa hiyo mzazi asinunue sirapu ya damu kwa sababu mtoto "amepauka". Apimwe damu, apimwe malaria, apimwe na selimundu. Mwenye selimundu anahitaji asidi ya foliki. Chuma hapewi mpaka vipimo vionyeshe kwamba anakikosa, maana wengi wao wanacho cha kutosha au cha ziada.

Vitamini A inafundisha jambo hilo hilo kwa upande mwingine. Karoti, maboga, mchicha, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, vyote vina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji, na ukitosheka unapunguza kugeuza. Kula viazi lishe kila siku hakukupi sumu. Kinachohitajika ni mafuta kidogo, kijiko cha chai kwa sahani, kwa sababu beta-karotini haiingii bila mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu umepoteza nusu ya kazi yake. Sasa wapo waliosema, kama karoti ni nzuri, tuitoe ile beta-karotini tuifanye kidonge. Ufini walijaribu kwa wanaume 29,133 wavutaji wa sigara, miligramu 20 kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiomeza. Hakuna aliyetarajia. Karoti haikuwahi kufanya hivyo. Kitu kimoja kikitolewa ndani ya chakula na kupandishwa dozi hakibaki kitu kile kile, na mvutaji wa sigara akiona neno beta-karotini kwenye kopo la vitamini aliache dukani.

Vitamini A ya wanyama, iliyo tayari, ndiyo yenye kikomo. Kwa mtu mzima kikomo cha siku ni mikrogramu 3,000. Gramu 100 za ini la ng'ombe lililopikwa zinaweza kufika 9,000. Kwa mtu wa kawaida, kipande kimoja kwa wiki hakina shida. Kwa mjamzito, na ninajua mabibi wengi watanipinga, ini si mboga ya kumjazia damu, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa vitamini A ikizidi inaweza kumharibu mtoto tumboni. Achukue chuma chake kwenye nyama, dagaa na kidonge cha kliniki. Kwa watoto, matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi 6, kwa Tanzania mwezi Juni na Desemba, ni dozi kubwa ya kuwekwa akiba kwenye ini: yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa miezi 12 hadi 59. Ukishampeleka, usimnunulie tena matone ya vitamini A ya dukani. Na nendeni na kadi, ili asipewe mara mbili.

Tuje kwenye unga. Sembe na dona mnazijua. Kukoboa kunaondoa pumba na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta, vitamini B na sehemu kubwa ya chuma. Dona ni bora, kwa sharti kwamba mahindi yawe safi, kwa sababu ukungu wenye sumukuvu nao unakaa zaidi kule nje unakokobolewa. Sumukuvu haionekani, haina ladha, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ilitokea Dodoma na Manyara, watu wakafa. Mahindi na karanga zianikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, zikauke hadi punje ilie kwa sauti kavu ukiimimina, na zilizooza, zilizosinyaa au zenye ukungu zichambuliwe zitupwe. Kumpa kuku zile mbovu ni kuzirudisha mezani kwa njia ndefu.

Kuna unga mwingine unaoitwa wa lishe, na hapa niseme bila kuremba, wafanyabiashara mnisamehe. Mfuko unaandikwa nafaka saba, nafaka tisa: mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, uwele, na soya, na karanga, na wengine wanasaga na dagaa humo humo. Kuchanganya nafaka sita hakuleti lishe mara sita. Nafaka zote zina pengo moja, ni haba wa laisini, mojawapo ya sehemu zinazojenga protini. Ni kama fundi mwenye matofali mengi na saruji kidogo, ukimwongezea matofali ya rangi nyingine ukuta haupandi. Saruji iko kwenye kunde: maharage, soya, kunde zenyewe, choroko. Kinachotosha ni nafaka moja na jamii ya kunde moja, vipimo vitatu au vinne vya nafaka kwa kimoja cha kunde. Tena ule mchanganyiko wa vitu vingi una matatizo ya kiufundi. Soya mbichi ina viambata vinavyozuia protini kumeng'enywa, kwa hiyo ichemshwe dakika 20 hadi 30, imenywe maganda, ianikwe, ndipo isagwe. Karanga zina mafuta. Zikisagwa na kukaa kwenye unga wiki kadhaa mafuta yanachacha na unga unakuwa na uchungu. Karanga zisagwe kidogo kidogo, zitiwe kwenye uji jikoni. Na mtoto akipata upele au kuharisha kwa unga wa vitu tisa, utajuaje ni kipi?

Kasoro kubwa ya uji wa mtoto, hata hivyo, ni maji. Tumbo la mtoto linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 8 anabeba mililita 240, basi. Uji mwepesi unaotiririka una nguvu pungufu kuliko maziwa ya mama, kwa hiyo mama anampa mtoto uji, anashiba, na amepoteza. Ukiufanya mzito anashindwa kumeza. Dawa yake ni ya zamani: kimea. Osha ulezi, uloweke usiku kucha, utandaze kwenye gunia lenye unyevu siku 2 hadi 3 mpaka uchipue, uanike, usugue vichipukizi vitoke, usage. Pika uji mzito kabisa, wa kusimamisha kijiko. Epua, uache upoe mpaka uwe moto wa kuvumilika, si wa kutokota, kwa kuwa ukitokota kinachofanya kazi ndani ya kimea kinakufa. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe, koroga. Ndani ya dakika chache uji unalegea mbele ya macho yako bila kuongeza tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu vilivyokuja na kimea. Sasa ongeza karanga au maziwa. Anayekosea hatua hii hukosea pale pa kutia kimea kwenye uji unaochemka, kisha anasema hakifanyi kazi.

Chumvi naipitia haraka. Chumvi yenye madini joto ni mfano mzuri wa kirutubishi kilichopachikwa kwenye kitu tunachopaswa kukipunguza, na hesabu yake imepangwa hivyo: gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, zikiwa na madini joto miligramu 30 kwa kilo, zinakupa mikrogramu 150, ambazo ndizo mahitaji ya mtu mzima. Huhitaji kuongeza chumvi ili upate madini joto. Itunze kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke, na itiwe mwishoni mwa kupika. Chumvi ya mawe isiyopitia kiwandani, na ile ya rangi ya waridi inayouzwa ghali mjini, kwa kawaida hazina madini joto ya kutosha.

Vitamini C ya miligramu 1,000, ile inayofoka kwenye glasi, inanunuliwa sana msimu wa mafua. Mwili ukipewa kiasi kidogo hufyonza karibu chote; ukipewa zaidi ya miligramu 1,000 kwa mkupuo haufyonzi hata nusu, na kilichoingia cha ziada kinatoka kwenye mkojo. Wenye historia ya mawe kwenye figo wanajiongezea hatari. Vidonge vinavyofoka vingi vina sodiamu, jambo ambalo mwenye presha haambiwi dukani.

Wapo watu ambao kidonge kwao ni cha lazima, na mara nyingi ndio wasioambiwa. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa hana mahali pa kupata vitamini B12, na hakuna jani litakalompa. Mzee mwenye kisukari anayetumia metformini miaka mingi anaweza kupungukiwa B12 hata akila nyama. Ganzi ya miguu yake si lazima iwe ya kisukari tu, aombe kupimwa. Ndugu zetu walioko Ulaya: Uingereza inashauri vitamini D mikrogramu 10 kwa siku kipindi cha baridi, na kwa wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika mwili, mwaka mzima. Hata Muscat, Oman, penye jua kali, anayetoka nyumbani kuingia garini hadi ofisini halipati jua hilo.

Na kuna vyakula vizuri vinavyogombana na dawa. Balungi huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa za presha kama nifedipini, na za kolesteroli kama simvastatini, dawa ikarundikana kwenye damu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiambiwe aache mchicha na matembele. Aambiwe ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa kuwa vitamini K ikipanda na kushuka ovyo ndipo vipimo vyake vinapoyumba.

La mwisho ni kusoma kopo. Uzito ulioandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni wa chumvi ya kikemia, yaani kirutubishi pamoja na kile kilichounganishwa nacho, si wa kirutubishi chenyewe. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma kama 65. Feras glukoneti ya miligramu 300, inayoonekana kubwa zaidi, ina kama 35. Kalsiamu kaboneti ya miligramu 500 ina kalsiamu 200. Kwa hiyo mkija kliniki msitutajie majina, leteni makopo yenyewe, na yale ya unga wa miti shamba pia, tuyasome pamoja na kujumlisha. Mara nyingi makopo matatu yanakuwa na kitu kile kile. Mizani na vijiko viko hapa mezani. Maswali sasa, tuanze na upande wa akina mama.